Mzani umegoma wiki ya tatu sasa, je mwili umeshazoea dayati?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Sakina, Arusha, nina duka. Urefu wangu sentimita 163. Nilivorudi kutoka Rombo baada ya sikukuu za Desemba nikapima nikakuta kilo 94, nikaanza dayati kesho yake. Wiki ya kwanza nikafika 91.2, yaani nilifurahi mpaka nikamwambia kila mtu. Baada ya hapo kila Jumatatu nimeandika: 90.1, 89.4, 89.0, 88.3, 88.5, 87.7, 87.3, 87.5, 88.0, na leo wiki ya 11 ni 87.1. Mwezi mzima karibu sijasogea na wiki ya 8 ndio nimeanza jogging na wenzangu kila Jumamosi na katikati ya wiki, nilitegemea ndio nitateremka kama maji! Mume wangu kaacha bia tu, dayati hana, kapungua kilo 5 kwa mwezi mmoja. Mama yangu mzazi ninaeishi nae, ana sukari na anameza vidonge, nae ameamua kula kama mimi na anapungua vizuri kunizidi. Shida yangu ni nini? Mwili umezoea? Nina sendofu ya mdogo wangu katikati ya mwezi wa sita, nataka nifike 75. Nipunguze chakula zaidi nile mara moja kwa siku? Kuna chai nimeuziwa ya kukata mafuta, nianze?

JIBU: Marahaba mwanangu, ingawa mimi sio dokta, ni afisa lishe hapa Moshi, hiyo tuiweke sawa maana mwishoni kuna kitu nitakutuma kwa daktari kweli.

Kwanza asante kwa kuandika namba. Watu wengi wanakuja wananiambia "nimepungua kidogo alafu imegoma" na hapo huna cha kumsaidia mtu, ila wewe umeniletea wiki 11 na ukizisoma vizuri nusu ya jibu limo humohumo. Chai usianze. Kula mara moja usianze. Sasa tuongee.

Chukua hesabu hii. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba nishati kama kalori 7,700. Mtu akila pungufu ya kalori 500 kila siku, na hiyo ni dayati ya mtu serious sio ya kuigiza, inamchukua siku kama 15 kuchoma kilo moja. Gawanya uone, ni gramu 65 hivi kwa siku. Yai moja la kuku wa kisasa. Ndio mafuta unayopoteza kwa siku nzima ya kujinyima, yai moja!

Sasa glasi ya maji ni gramu 250. Sahani ya makande na chupa ndogo ya maji ni karibu kilo moja imeingia tumboni kwa nusu saa. Kwenda chooni au kutokwenda, nayo ni mamia ya gramu. Unaona tatizo liko wapi, unatafuta yai moja kwenye kitu kinachopanda na kushuka kilo moja na nusu bila sababu ya mafuta hata kidogo. Mzani haujui mafuta. Mzani unajua wewe, maji yako, chakula cha jana na kila kilichomo.

Nina kijana namfahamu hapa Moshi, mgumu, anabeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro. Alikuja siku moja ametoka kushuka njia ya Machame, siku saba, akapima kwangu akakuta amepungua kilo tatu na kitu, akasema mlima ndio dawa. Nikamwambia rudi keshokutwa. Akarudi ameshalala vizuri, amekula ndizi nyama mara mbili, kilo mbili zimerudi. Zile hazikuwa mafuta, jasho tu na pumzi ya baridi kule juu inavyokausha mtu, na akiba ya wanga iliyoisha kwenye misuli.

Hiyo akiba ya wanga ndio inaelezea wiki yako ya kwanza. Mwili unahifadhi wanga kidogo kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima inafika kama nusu kilo hivi, na kila gramu yake inakaa na maji kama gramu tatu. Ukianza dayati, hasa ukikata chapati, maandazi, soda na sahani ya wali kama mlima, siku chache tu ile akiba inapungua na maji yake yanatoka, unakojoa kila saa, na mzani unaanguka kilo mbili bila mafuta kuguswa sana. Juu ya hapo ongeza kwamba wewe ulipima 94 umetoka Rombo Desemba! Tunajuana jamani, wiki mbili za kisusio, nyama, mbege, supu ya asubuhi yenye chumvi, mtori, kila nyumba unaingia unapewa sahani, mtu anarudi mjini amevimba na maji ya chumvi. Ile 94 haikuwa uzito wako wa kweli, ilikuwa uzito wako pamoja na Krismasi. Kwahiyo kilo 2.8 za wiki ya kwanza, mimi ningesema mafuta humo labda nusu kilo, kwa kubahatisha kilo moja, zingine ni maji.

Sikwambii ili nikuvunje moyo. Ubaya wa wiki ya kwanza ni kwamba inamfundisha mtu mwendo wa uongo. Ukishaona kilo tatu kwa wiki, nusu kilo inaonekana matusi. Watu wengi wanaacha dayati wiki ya nne au ya tano wakati ndio inafanya kazi kwelikweli, wanaacha kwasababu wanalinganisha mafuta na maji.

Chumvi nayo niiseme kidogo maana watu wanaidharau. Ile drip ya maji ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja, na mwili wako unapenda kukaa karibu na uwiano huohuo. Kwahiyo ukila gramu 9 za chumvi zaidi ya ulivozoea, mwili unaweza kushika maji mpaka kama lita moja ili kuweka mambo sawa, mpaka figo zitoe ile chumvi siku moja mbili zijazo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ni gramu tano au sita. Chipsi za kunyunyizia, nyama choma na kachumbari na chumvi pembeni, supu, michuzi yenye vile vipande vya kiungo cha dukani, jioni moja tu inatosha. Umeenda kipaimara Jumapili umekula ndafu kama kila mtu, Jumatatu asubuhi unapima, kilo moja na nusu juu, unalia. Kalori za kutengeneza kilo moja na nusu ya mafuta ni zaidi ya 11,000, hata ndafu nzima usingemaliza mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye namba zako. Angalia wiki ya 6 ilipanda, 88.5. Angalia wiki ya 10 ilipanda, 88.0. Katikati yake wiki nne. Hujanitajia tarehe zako lakini nabashiri hizo Jumatatu mbili zilikuwa siku chache kabla ya kuingia mwezini, na kama nimekosea nisamehe, ila kwa wanawake wengi hilo ni jambo la kawaida kabisa, mwili unashika maji kipindi hicho, mwingine nusu kilo mwingine hata mbili, alafu yanaachia siku ya kwanza au ya pili ya hedhi. Ndio maana mwanamke akilinganisha wiki hii na wiki iliyopita anajichanganya mwenyewe. Linganisha wiki na mwenzake wa mwezi uliopita. Tufanye pamoja:

Wiki ya 2 ilikuwa 90.1, ya 6 ikawa 88.5, ya 10 ikawa 88.0.
Wiki ya 3 ilikuwa 89.4, ya 7 ikawa 87.7, ya 11 ikawa 87.1.

Umeona? Mwezi ule wa kwanza baada ya maji kuisha ulikuwa unashuka kilo 1.6 au 1.7 kwa wiki nne, mwezi huu umeshuka nusu kilo na kidogo. Kwahiyo hujasimama, lakini ni kweli umepungua mwendo, sitakudanganya kwamba yote ni maji. Hapa sasa kuna mambo mawili yamekutana, moja la uongo na moja la kweli.

La uongo ni jogging. Mtu ambae hajakimbia miaka, akianza ghafla misuli inachanika kidogokidogo, ndio yale maumivu ya kushuka ngazi kama bibi, na kwenye kujitengeneza inashika maji. Alafu misuli inayofanya kazi inaongeza ile akiba ya glaikojeni niliyosema, na maji yake. Kwa wiki kadhaa za mwanzo hiyo inaweza kuficha nusu kilo au hata kilo nzima ya mafuta ambayo kweli yametoka. Yaani umeanza kitu kizuri kuliko vyote ulivofanya mwaka huu na mzani umekulipa kwa kukununia! Wengi wanaacha mazoezi hapo. Usiache. Nenda kwa fundi cherehani mwambie akupime kiuno kwa tepu yake, usawa wa kitovu, andika, rudi baada ya wiki nne. Kiuno hakidanganywi na maji ya misuli ya mapaja.

Na la kweli ni hili, mwili uliopungua unatumia kidogo. Wewe wa 87 unabeba mzigo mdogo kuliko wewe wa 94, kila ngazi, kila hatua ya kutoka Sakina mpaka sokoni Kilombero, kila pumzi. Juu ya hapo mwili unabana matumizi kidogo zaidi ya ule uzito unavyoeleza, unapoa, unasogea kidogo, hutikisi mguu ukikaa, unatuma mtoto badala ya kuinuka mwenyewe, na wala hujui kama unafanya hivyo. Ukijumlisha, kila kilo uliyopoteza inakushushia matumizi kama kalori 20 mpaka 30 kwa siku. Wewe umepoteza karibu kilo 7, kwahiyo ni kama kalori 140 mpaka 200. Ni kama kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia na nusu. Sio kidogo, lakini sio "mwili umegoma" pia, hakuna mwili unaogoma kabisa.

Hilo lilishapimwa kwa njia ambayo leo hakuna atakaeruhusiwa kurudia. Mwaka 1944 na 1945, vita ya pili ya dunia ikielekea mwisho, pale Chuo Kikuu cha Minnesota Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua wanaume 36 vijana wazima waliojitolea, akawalisha kama nusu ya walichozoea, kalori 1,570 hivi kwa siku kwa wiki 24, na kutembea walitembezwa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mwanzo walishuka haraka alafu mwendo ukapungua, ukapungua, mwishoni ukawa karibu umelala. Ila hakuna alieacha kupungua wakati bado ana mafuta mengi mwilini, mwendo ulilala wakati walishakuwa mifupa, na miguu yao ilivimba maji ambayo yenyewe yalificha kiasi gani wamekonda. Wewe una BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 32 na kitu, hauko huko kabisa. Kwahiyo mtu akikwambia "unakula kidogo mno ndio maana hupungui, mwili umeingia kwenye hali ya njaa", mwambie njaa ile ingekuwa inazuia mtu kukonda basi kusingekuwa na watu waliokonda kwa njaa duniani.

Lakini kuna kitu kingine kikubwa kuliko matumizi kupungua, na ndicho nataka ukishike. Njaa. Mtafiti mmoja wa Marekani, Kevin Hall, na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo unayopoteza, hamu ya kula inapanda kama kalori 100 kwa siku juu ya ulivokuwa unakula mwanzo. Linganisha sasa, matumizi yameshuka 20 mpaka 30 kwa kilo, hamu imepanda 100. Kwa kilo zako 7 mwili unakuvuta kama kalori 700 kila siku kurudi juu. Mafuta yenyewe yanatoa homoni, leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, kazi yake kuuambia ubongo akiba ipo, na akiba ikipungua ujumbe unapungua, ubongo unaanza kutafuta chakula. Hausemi "nina njaa" kwa sauti. Unafanya mkono uwe mzito kwenye chupa ya mafuta.

Ndio maana nakuuliza, na usikasirike dada, mafuta ya kupikia unapimaje? Kwa kijiko au kwa macho? Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi, chupa ikiinama sekunde moja zaidi vimeingia viwili. Karanga za dukani unazoonja ukiwa unasubiri wateja, kiganja kimoja kinafika kalori 150 au zaidi. Parachichi letu hili la huku, tamu ndio, lina faida ndio, lakini kubwa zima ni kalori 300 na kuendelea na watu wanakula kama mboga ya majani. Kumalizia uji wa mtoto. Chai ya maziwa vikombe vitatu. Mwezi wa kwanza ulikuwa unaogopa kila kitu, mwezi wa tatu umezoea, sahani imerudi sentimita moja moja.

Sisemi wewe ni muongo. Mwaka 1992 huko New York walichukua watu waliokuwa wanasema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui kabisa, wakawapima kwa vipimo vya maabara ambavyo huwezi kudanganya, wakakuta wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, walipunguza kwenye maelezo kwa asilimia 47, na metabolismi yao, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, ilikuwa ya kawaida. Na walikuwa wanaamini wanachosema. Hata mimi nilijiandika wiki moja nikasahau kabisa ndizi mbili za kuchoma nilizokula kwenye bajaji, mtu wa lishe huyo!

Kwahiyo badala ya kula mara moja, wiki mbili hizi fanya kitu kimoja tu: pima mafuta kwa kijiko, kijiko kikubwa kimoja kwa kila mtu mezani kwa siku, na andika kila kinachopita mdomoni mpaka karanga. Usikate kingine chochote. Naona hapo ndipo kalori zako 150 zilipo, na huzitafuti mbali. Kwenye sahani ongeza vitu vinavyoshibisha na kulinda misuli, dagaa, maharage, mayai, maziwa mgando, mboga kama mnafu na mchicha mpaka ushindwe, alafu ugali au ndizi ziwe kama ngumi yako. Mtu akikosa protini kwenye dayati anapoteza na misuli, na misuli ndio inakula nishati hata ukiwa umelala. Hiyo ndio shida yangu kubwa na kula mara moja kwa mtu kama wewe, siku tatu utaweza, ya nne usiku utakula sahani tatu umesimama jikoni, nimeyaona haya kila mwezi.

Mume wako. Hana siri yoyote, ana bia. Chupa ya nusu lita ni kalori 200 hivi, mwanaume wa chupa nne kila jioni anakunywa kalori 800, na bia haiji peke yake, inakuja na mshikaki na ndizi za kuchoma zenye chumvi. Ameacha vyote kwa mkupuo. Alafu wanaume kwa kawaida wana miili mikubwa na misuli zaidi, wanatumia zaidi hata wakikaa, na hawana yale maji ya kila mwezi. Na kilo mbili za kwanza zake nazo ni maji kama zako. Subiri mwezi wa tatu uone nae atalalamika.

Kuhusu ile chai. Nyingi za aina hiyo ninazoletewa hapa zina majani ya sena ndani, dawa ya kuharisha. Unaharisha, mzani unashuka kilo moja, unashangilia, ukinywa maji inarudi. Mafuta hayatoki kwa njia hiyo, chakula kimeshafyonzwa juu huko kabla haijafika chai inapofanya kazi. Ukiizoea unapoteza madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo ndio unapata shida. Hela yako nunua dagaa. Maji ya limao sina ugomvi nayo, ni maji.

Namna ya kupima sasa. Ile ya mara moja Jumatatu iache, Jumatatu ndio siku mbaya kuliko zote maana inabeba wikiendi nzima. Pima kila asubuhi au siku nne kwa wiki, umetoka chooni, hujanywa kitu, nguo nyepesi zilezile, mzani uleule kwenye sakafu ngumu sio zulia, andika bila kujijadili, mwisho wa wiki jumlisha ugawanye. Huo wastani ndio uzito wako. Kama kupima kila siku kunakuharibia siku basi achana nako ubaki na tepu ya fundi, nina wateja wawili nimewanyang'anya mzani kabisa na wanaendelea vizuri. Ila zile mashine zinazoongea barabarani, "karibu upime urefu na uzito", unapima saa tisa mchana umekula, umevaa viatu na simu mfukoni, hizo waachie wapita njia.

Nakuomba pia unijibu vitu viwili. Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Kama ni sindano ya miezi mitatu, baadhi ya wanawake wanaongezeka nayo, sio wote, na haimaanishi uiache leo, inamaanisha uongee na nesi kuhusu njia zingine. Na je unachoka kupita kawaida, unasikia baridi wakati wenzako wanavua sweta, choo kigumu, nywele zinakatika? Kama ndio, kipimo cha homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, kifanyike.

Sasa sendofu. Kilo 75 kwa mwezi wa sita haiwezekani kwa njia ya salama, nakwambia mapema ili usije kunichukia Mei. Wiki 13 zimebaki. Ukirudi kwenye gramu 300 kwa wiki, ambayo kwa hatua uliyofika ni mwendo mzuri tu, utakuwa 83 hivi. Ukikaza sana na usiteleze labda 81. Vitenge vya sare vikija usimpe fundi vipimo vya ndoto, mpe vya wiki ya mwisho ya Mei. Wanaopungua haraka sana wanapata zawadi ambayo hawakuomba pia, mawe kwenye nyongo, nimeshuhudia bibi harusi mmoja alilazwa wiki mbili kabla ya siku yake. Na ujue tayari umepoteza asilimia 7 ya uzito ulioanza nao, kuanzia asilimia 5 hivi presha na sukari kwa watu wengi zinaanza kushuka, hiyo faida ishaingia hata kama gauni halijajua.

Huyo Hall nilietaja, yeye na wenzake walitoa hesabu nyingine mwaka 2011 ambayo naipenda kwasababu inamtoa mtu ile haraka yake. Ukipunguza kiasi fulani cha chakula na ukabaki hapohapo, nusu ya jumla ya kilo zote utakazopungua zinatoka ndani ya mwaka mmoja hivi, na karibu zote kwa miaka mitatu. Mwaka, sio wiki 11. Kila kilo unayotaka isirudi inataka kama kalori 24 pungufu kwa siku, moja kwa moja. Kilo 19 unazotaka wewe ni kama kalori 450. Sio nyingi hivyo eh? Ila ni za kila siku, na Desemba ukienda Rombo zinaenda na wewe.

Nimeacha kitu kimoja cha mwisho makusudi na hiki ndicho kimenifanya nijibu leoleo badala ya wiki ijayo. Mama yako. Umekiandika kama utani, "nae anapungua vizuri kunizidi", mimi nimeshtuka. Mtu mwenye sukari anaemeza vidonge akipunguza ugali na ndizi ghafla bila kubadilishiwa dozi, sukari inaweza kushuka mno. Inategemea ni vidonge gani. Kama ni metformini peke yake hatari ni ndogo. Kama kuna glibenklamaidi, hiyo inalazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala, na mtu wa umri wake anaweza kuzimika usiku mkafikiri amelala. Angalia boksi la dawa zake leo jioni. Muulize kama anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anachanganyikiwa au moyo unaenda mbio hasa kabla ya kula au usiku. Akipata hivyo na bado anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari nusu glasi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri robo saa, kama bado rudia, akishatulia ale chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni, mpeleke hospitali. Asiache dawa mwenyewe wala wewe usimkatie dozi. Na kupungua haraka kwa mgonjwa wa sukari kunaweza kuwa sukari yenyewe iko juu anaikojoa, mwili unaisha, wala sio dayati, kwahiyo huwezi kujua kwa kumuangalia. Kama anakohoa wiki mbili au anatoka jasho usiku, sema hilo pia, wapime kifua kikuu. Kliniki yake ni lini? Usisubiri tarehe, mpeleke kesho asubuhi na boksi la dawa mkononi, na mpaka mtakapoonana na daktari arudi kwenye sahani yake ya zamani.